Kabla Hujampaka, Mtazame

Maneno haya juu ya ngozi ya mtoto mchanga niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wazazi wa mtaa wetu hapa Tanga, uwanjani, chini ya mwarobaini. Waliokuwa sokoni, shambani na kazini wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wakubwa wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Mama zangu, dada zangu, wanangu, na nyinyi kina baba sita mliojibanza pale ukutani kama mliokuja kudai deni: karibuni mbele. Mtoto si wa mama peke yake.

Nilimwomba mjumbe awapitishieni neno moja tu, kwamba kila anayekuja aje na kile anachompaka mwanawe. Naona mifuko. Naona na wengine mmeificha chini ya khanga. Ikae hivyo hivyo kwanza. Tutaifungua mwishoni, na hakuna atakayechekwa, maana hata mimi nilikuwa na wangu.

Nianze kwa swali. Mtoto akiamka asubuhi ana vipele, mkono wako unakwenda wapi kwanza? Msinijibu. Nitawajibia. Mkono unakwenda kabatini. Huku macho hayajamtazama, mkono umeshafungua kopo! Miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga, na baadaye nilipokwenda Moshi, hospitali ya KCMC, kusomea magonjwa ya ngozi, watoto wengi niliowaona wameharibika ngozi hawakuharibiwa na vipele. Waliharibiwa na dawa ya vipele. Kwa hiyo leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: kabla hujampaka, mtazame.

Tuanze na siku za kwanza kabisa.

Mtoto anazaliwa na utando mweupe, mzito kama siagi. Najua yanayosemwa. Najua wifi anavyomtupia jicho shemeji yake, eti mtoto kachafuliwa na baba yake tumboni. Kuna mama aliwahi kuniomba kwa machozi nimwoshe mtoto haraka kabla mama mkwe hajaingia. Jamani, utando ule hauna uhusiano wowote na chumba cha baba na mama. Mwili wa mtoto wenyewe umeutengeneza ili maji ya tumbo la uzazi yasimlowanishe ngozi, na akishatoka unamkinga baridi na vijidudu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto asiogeshwe mpaka yapite saa 24. Mfuteni damu, mkausheni, mwekeni kifuani kwa mama yake.

Siku ya pili au ya tatu vipele vinatokea. Hapo ndipo nyumba inapochachamaa. Vinaweza kuwa vidogo, vyeupe au vya manjano katikati, vimezungukwa na wekundu, leo viko kifuani, kesho viko mgongoni. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa kwa miezi kamili huvipata. Havina neno, havitaki dawa, na ndani ya wiki moja au mbili vimekwenda zao. Kuna na vingine ambavyo watoto wetu weusi huvipata zaidi: mtoto anazaliwa navyo, vina maji meupe kama usaha, vinapasuka upesi na kuacha madoadoa meusi. Madoa yale hukaa wiki, hata miezi, kisha hufutika. Usaha ule hauna kijidudu ndani yake.

Sasa sikilizeni kilichompata mmoja. Kaletwa kwangu akiwa na siku tano. Shingo na kwapa zimechubuka, ngozi inatoka kama ganda la viazi vilivyochemshwa. Bibi yake, mwanamke mwema kabisa, aliviona vile vipele vyenye maji akadhani ni ndui imerudi. Akachukua ile dawa ya kuua vijidudu, ile ambayo ukiitia kwenye maji yanakuwa meupe kama maziwa, akaimimina kwenye pamba bila hata tone la maji, akamsugua mjukuu. Asubuhi na jioni, siku mbili. Vipele havikuwa na neno, vingeondoka vyenyewe. Kidonda cha kuungua ndicho kilichotuweka wodini.

Mngemlaumu? Mimi sikumlaumu. Nilimwuliza tu: bibi, mtoto alikuwa ananyonya? Akasema ananyonya vizuri. Ana homa? Hana. Analia sana? Halii. Basi yeye alikuwa mzima, bibi, aliyekuwa na wasiwasi ni wewe.

Yaliyobaki ya siku hizo nitayapita mbio. Vipunje vyeupe puani kama chenga za sukari: msivikamue. Mabaka ya bluu matakoni na kiunoni: si damu iliyovilia, mkunga hakumpiga, ni rangi ya ngozi iliyojikusanya chini, nayo hufifia kadiri anavyokua. Magamba ya manjano yenye mafuta utosini: mpake mafuta laini usiku, asubuhi mwogeshe na upitishe kitana chepesi. Usibandue kwa kucha. Yakimwachia weupe weupe kwenye paji la uso, rangi itarudi.

Tuje kwenye harara. Na hapa namtaja mkosaji kwa jina: mimi.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa kaskazi inapovuma, wakati ule ambao hapa Tanga hata kuku anatafuta kivuli. Nikamvalisha fulana, sweta, soksi, kofia ya sufi, nikamzungushia blanketi. Mama mkwe akaongeza khanga mbili. Kabla ya yote hayo nikampaka mafuta mazito mpaka akang'aa. Wiki haijaisha shingo yote, kifua chote, mgongo wote umejaa vipele kama mchanga. Mtoto hana usingizi. Nikampaka poda. Ikagandana na jasho kwenye mikunjo ya shingo ikawa kama unga wa sembe uliolowa. Nikaongeza poda! Mimi, muuguzi, mwenye cheti ukutani.

Harara ni nini? Ni jasho lililokosa njia. Vitundu vya jasho vya mtoto bado ni vichanga, vinaziba kwa urahisi, na sisi tunavizibia zaidi kwa mafuta na nguo. Dawa yake haiuzwi dukani. Mvue. Mwogeshe kwa maji matupu ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa bila kumsugua, mvalishe pamba moja nyepesi, mweke penye hewa. Siku mbili tatu utaona tofauti. Unataka kujua kama anasikia joto? Usimshike miguu wala viganja, hivyo huwa baridi hata kwa mtoto mwenye joto. Mshike kisogoni. Kukiwa na unyevunyevu, mpunguzie nguo. Na poda iacheni, vumbi lake linaingia kifuani kwake.

Naona mtu ananyoosha kidole juu, ananionyesha mwarobaini. Nilijua hamtanisamehe. Majani yake kwenye maji ya kuogea sijawahi kuona yakileta maafa, ingawa kwenye harara hayashindi maji matupu. Lakini kumnywesha mtoto mchanga mafuta ya mwarobaini ni kumpa sumu. Hilo naomba lisibaki na mjadala.

Sasa nepi. Enzi zetu ilikuwa kitambaa, siku hizi pampasi. Ubaya wa pampasi ni kwamba haivuji. Haivuji, kwa hiyo tunasahau. Mtoto anakaa na mkojo na choo tangu adhuhuri mpaka magharibi, kwa sababu pampasi ni pesa na hii bado haijajaa. Mnacheka? Mnajua nasema kweli.

Vua pampasi, mlaze mtoto chali, tazama wapi kumeharibika. Kama ni matako, mapaja na pale palipotokeza, pale panapogusana na nepi, lakini ndani ya mikunjo ya mapaja kumesalimika, basi ni mkojo na choo vimemchoma. Msafishe kwa maji na kitambaa laini, mwache matako wazi kwa muda juu ya khanga kavu, halafu mpake marhamu ya zinki au vaselini, pako nene kama unapaka siagi mkate wa mgeni. Kama ni nepi ya kitambaa, suuza mpaka povu la sabuni liishe kabisa. Kama upele umeingia ndani kabisa ya mikunjo, na pembeni yake kuna vipele vidogo vidogo vimetawanyika kama visiwa pembeni ya kisiwa kikubwa, hao ni fangasi. Mfungue na mdomo. Ukiona utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu, ni jamaa yule yule. Nenda kituo cha afya upewe dawa ya fangasi ya mtoto, na chuchu zako nazo zitazamwe, la sivyo mtapokezana.

Kabla sijafika kwenye jambo kubwa, neno juu ya rangi yetu. Vitabu tulivyosomea vilijaa picha za watoto wa Kizungu. Tukafundishwa: tafuta wekundu. Nikiwa mwanafunzi nilisimama mbele ya mtoto mweusi tii, ngozi inawaka, nikaandika kwenye faili kwamba ngozi haina wekundu. Mwalimu wangu akaja, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya kifua cha mtoto, akanitazama, akaniambia niweke na mimi. Palikuwa na moto. Kwenye ngozi yetu wekundu hugeuka zambarau, au kijivu, au weusi uliozidi weusi wa jirani yake. Kwa hiyo nikisema mtazame, nina maana mtazame kwa macho na kwa mkono. Linganisha upande huu na upande ule. Mpeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua, si wa taa ya simu.

Haya. Jambo kubwa.

Aliletwa kliniki mtoto wa miezi mitano kupimwa uzito. Kanona! Mashavu yamejaa, uso wa mviringo kama mwezi wa kumi na nne, shingo haionekani. Foleni nzima wanamsifu, mashaallah, mama una maziwa. Mama anatabasamu. Mimi nikamvua mtoto nguo. Mikono na miguu myembamba. Mapaja, pale penye mikunjo, yana michirizi kama ya mama aliyezaa. Mtoto wa miezi mitano ana michirizi! Ngozi nyembamba, mishipa inaonekana. Nikamwuliza mama: unampaka nini? Akatoa tyubu. Alianza kumpaka akiwa na mwezi mmoja, upele wa nepi. Muuza duka la dawa alimwambia hii ni nzuri, inamaliza kila kitu. Na kweli, siku mbili upele ukaisha. Akiacha, unarudi. Akipaka, unaondoka. Akaacha kuacha. Miezi minne, kila akibadilisha nepi.

Ndani ya tyubu ile mlikuwa na klobetasoli. Hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi, dawa zinazofanana na homoni za mwili, na katika jamii yake ndiyo miongoni mwa kali kuliko zote. Daktari anaweza kumwandikia mtu mzima mwenye ngozi ngumu, kwa wiki chache, kidogo kidogo. Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya uzito wake, ana ngozi nyingi kuliko wewe, na ngozi yenyewe nyembamba. Ukishampaka halafu ukamfunga pampasi, umeifungia dawa ndani, haina pa kwenda ila mwilini. Ule unono haukuwa maziwa. Ilikuwa dawa. Mwili wake ulikuwa umeacha hata kujitengenezea homoni unazozihitaji, kwa sababu zinaletwa na tyubu.

Ndugu zangu, tyubu hizi zimejaa mitaani. Kuna zenye dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, ndiyo maana zinaitwa za kumaliza kila kitu. Steroidi inanyamazisha wekundu na muwasho, mama anafurahi, na fangasi wanatamba chini kwa chini. Kuna na mkorogo. Sitauliza nani anautumia, tumeshakubaliana hatuchekani. Lakini mama anayejipaka mkorogo wenye steroidi kifuani kisha akamlaza mtoto pale pale, amempaka na yeye. Na wapo, nimewaona, wanaompaka mtoto kusudi, ili asije akapoteza weupe aliozaliwa nao. Mtoto wetu huzaliwa mweupe, rangi yake inakuja polepole. Hajapoteza kitu!

Jifunzeni kusoma tyubu. Msisome lile jina kubwa la rangi, someni maandishi madogo chini yake. Klotrimazoli ni dawa ya fangasi. Klobetasoli ni ile steroidi kali. Yote mawili yanaanza na herufi zile zile tatu, na watu wanayachanganya kila siku, hata wauzaji. Betamethasoni nayo ni steroidi, si ya kumpaka mchanga bila mtaalamu. Na kama umegundua leo kwamba umempaka mwanao dawa hizi kwa wiki nyingi, usiende nyumbani ukaitupa jalalani. Narudia, usiiache ghafla. Mpeleke hospitali na tyubu yake mkononi, aachishwe kwa utaratibu. Yule wa miezi mitano aliachishwa hivyo, taratibu, na uso wake ukamrudia.

Tusikimbilie tena upande wa pili tukasema steroidi ni shetani. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, yule ambaye mashavu yamekauka na kukwaruza, anajisugua kwenye shuka, huenda akaandikiwa iliyo hafifu kwa siku chache, na ikamsaidia sana. Lakini chakula chake cha kila siku ni mafuta mazito yasiyo na manukato. Mwogeshe kwa dakika chache, kwa maji yasiyo ya moto, mkaushe, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake vaselini. Kutwa mara mbili, tatu. Pumu ya ngozi haiambukizi, na haisababishwi na mama kula pweza. Sijui nani aliwaambia hivyo.

Kinachoambukiza ni upele wenyewe, ule wa kwenye methali, kwamba Mungu humpa upele asiye na kucha. Aliyeitunga nadhani alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Mtu mzima anajikuna. Mchanga hajui kujikuna, analia tu usiku kucha na kukataa ziwa, na nyinyi mnasema tumbo, mnasema mchango. Mgeuze viganja. Geuza nyayo. Mtu mzima haupati sana nyayoni, lakini mchanga huupata hapo, na kwapani, na hata kichwani.

Nyumba moja ilinirudia mara nne. Mara ya kwanza tulimtibu mtoto. Ya pili, mtoto na mama. Ya tatu, mtoto, mama na baba. Mara ya nne nikasema nakuja mwenyewe. Nikakuta watu tisa, na kaka mkubwa karudi likizo kutoka bweni, analala kitanda kimoja na wadogo zake, vidole vyote vimechubuka. Hakuna aliyemtaja, kwa sababu yeye ni mkubwa, ana haya. Upele hutibiwa nyumba nzima siku moja, anayewashwa na asiyewashwa, na kurudia baada ya wiki kama mlivyoelekezwa. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani siku ile ile. Mtoto mchanga apewe dawa ya umri wake, kama marhamu ya salfa. Ile dawa ya upele ya watu wazima, ya maji meupe, haipakwi kwake bila mtaalamu kuipunguza makali. Na muwasho ukiendelea wiki mbili tatu baada ya dawa, msidhani imeshindwa, ngozi bado inanung'unika.

Sasa nitulizieni watoto kidogo, hapa sitaki mtu apitwe. Nimesema mengi ya kungoja. Haya hayangoji, hata kama ni usiku, hata kama nauli ni ya kukopa.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye vipele na homa kuanzia 37.5, au aliyepoa mwili kuliko kawaida. Mtoto aliyeacha kunyonya. Huyu naomba mmweke moyoni: vipele na kunyonya ni jambo moja, vipele na kukataa ziwa ni jambo jingine kabisa. Vipele vya usaha vinavyozidi kila siku, au kitovu kinachotoa usaha na ngozi yake imevimba. Malengelenge yaliyojikusanya kama kichane. Ngozi inayobanduka kana kwamba kaungua na hakuungua. Madoa ya zambarau ambayo ukiyabonyeza kwa bilauri hayapotei, na kwa ngozi yetu yatafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope. Umanjano uliofika viganjani na nyayoni. Mtoto aliyezaliwa na malengelenge kwenye viganja na nyayo, huyo apimwe kaswende, na wazazi wake wote wawili wapimwe. Mnaona kwa nini kliniki ya wajawazito tunatoa damu? Kina baba wa ukutani, mnaona kwa nini tunawaita?

Na mtoto mwenye homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, halafu vipele vikaanzia nyuma ya masikio na usoni vikashuka, hiyo ni surua. Msimpake, msimfungie ndani kusubiri itoke yote. Mleteni. Chanjo ni miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ndiyo mnayoisahau, mtoto ameshaanza kukimbia, mnaona kliniki imekwisha.

Jua limepanda na wachanga wameanza kulia, na kwa haki, maana naona watatu hapa mbele wamevaa kofia za sufi na mimi nimesema nimesema. Mvueni huyo, mama. Ndiyo, sasa hivi.

Fungueni mifuko. Wekeni kila kitu hapa mezani, tyubu, makopo, chupa, hata vile vilivyofungwa kwenye karatasi. Tutasoma maandishi madogo pamoja, asiyeona vizuri kuna kijana hapa ana macho. Nianze na wewe bibi, samahani, shikamoo. Hiyo chupa isiyo na karatasi, uliyopewa na jirani, ina nini ndani?